Mwimbaji wa Glasi za Chai

Niliondoka kwa shangazi asubuhi bila kuaga, kwa sababu ningeaga angelazimika kunizuia, na sote wawili tungechoka. Shangazi yangu ni mtu wa Tanga. Siku aliyonipokea pale Lawrence Heights, Toronto, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Hapa ni kwako, baba, usijione mgeni." Alimaanisha. Lakini "hapa ni kwako" huharibika kama maziwa, na tarehe haiandikwi kwenye pakiti, unaijua kwa harufu. Baridi ilipoanza, naye akaanza kuosha vyombo kwa kishindo. Halafu akawa ananiuliza mbele ya watu habari za rafiki zangu wenye vyumba vikubwa. Mwishowe mwanawe mdogo, anayeelewa Kiswahili chote na hajibu ila kwa Kiingereza, aliniuliza mezani nitahama lini. Shangazi akamkemea kwa sauti ya mtu anayeshukuru.

Nilikuwa na begi moja la mgongoni. Shule niliiacha Scarborough kabla sijamaliza, si kwa ukorofi. Nilichoka kupewa majibu ya maswali ambayo sikuwa nimeuliza. Tangu hapo nilikuwa nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, nimesukuma wazee kwenye viti vya magurudumu, nimekwangua theluji kwenye maegesho ya ofisi za Don Mills. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa pale panaendeshwaje, kisha miguu ikaanza kuwasha.

Asubuhi ile nilipanda basi la kwanza lililosimama, nikabadilisha, nikapanda tramu, nikashuka magharibi ya mji karibu na reli, mahali ambapo viwanda vya zamani vimegeuzwa kumbi na maduka ya kahawa. Nje ya mlango wa nyuma wa jengo moja mwanamke wa makamo, amevaa koti la manyoya ya bandia na viatu vya wazi katika theluji, alikuwa anamtukana dereva wa gari la mizigo. Gari limejaa makasha. Kasha moja limepasuka, na ndani niliona glasi ndogo, nyembamba, zilizobana kiunoni.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Hizo glasi. Mbona hazina mikono?"

"Mbona wewe una miwili na huitumii? Beba."

Nikabeba. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Tulizungumza Kiingereza, yeye cha Los Angeles na mimi cha mabasi ya Scarborough, lakini kichwani mwangu maneno yake yamekaa kwa Kiswahili, na ndivyo ninavyoyaandika. Mchana ule aliniuliza kwetu tunasema lugha gani. Nilipomwambia, akataka kusikia. Sikujua niseme nini, nikaanza kutaja vitu vilivyokuwa mbele yangu: chai, rangi, dirisha. Akatoa sigara mdomoni.

"Hayo ni maneno ya Kiajemi. Mmetuibia."

"Mliyaacha bandarini, tukayaokota."

"Na neno bandari pia ni letu, mwizi wewe!"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomfanya ashike ukuta. Kuanzia siku hiyo akaniita Dirisha, kwa sababu ya neno lile na kwa sababu, alisema, nilikuwa sina kazi nyingine ila kuchungulia.

Alikuwa mwimbaji, lakini si wa aina unayomfikiria. Alizaliwa katika mji wa bandari kusini mwa Iran, akapelekwa Marekani na baba yake akiwa na miaka minane, mama alibaki. Kule Los Angeles Wairani waliokimbia walikuwa na mikahawa yao, kanda zao na hata televisheni yao, na wote walikuwa wanalilia nyumbani. Mtoto mdogo mwenye sauti kubwa aliwafaa sana. Baba alimvalisha gauni la harusi la kitoto na kumwimbisha nyimbo za wanawake walioachwa. Watu wazima walilia mpaka vipodozi vikachuruzika. Yeye alikuwa haelewi neno hata moja la huzuni ile. Alikuwa anafikiria keki.

Siku moja, akiwa msichana, alisimama kwenye kipindi cha televisheni kinachorushwa moja kwa moja, baba yake akaanza kupiga ala, naye akafunga mdomo. Hakusahau maneno. Aliutazama uso wa kamera na mdomo umefungwa mpaka wimbo ukaisha, na baba akapiga mpaka mwisho peke yake, jasho likimtoka mbele ya kila Mwirani mwenye runinga. Baada ya hapo hakualikwa tena kwenye harusi, ila watu wa majumba ya sanaa walimtafuta. Akawa anatumia mwili wake na koo lake kama wengine wanavyotumia rangi na turubai. Aliwahi kuimba ndani ya lori la barafu mpaka taya likagoma. Aliwahi kuimba na vipande vya sukari vimejaa mashavuni, na onyesho liliisha sukari ilipoyeyuka. Meno yake yalikuwa mabaya sana kwa sababu hiyo. Alikuwa anajivunia.

Onyesho alilolileta Toronto alikuwa amelizungusha miji mingi. Kazi yangu ilikuwa chai. Nilichemsha maji katika samawari mbili, mabirika makubwa yenye bomba, nikasuuza glasi, na watu walipoingia kila mmoja alipewa glasi yake na kijiko. Walifurahi. Walidhani ni ukarimu. Kisha yeye anatoka, miguu mitupu, shati jeupe, hana kipaza sauti, na anasema sentensi moja: "Gonga glasi, nami nitanyamaza." Anaanza kuimba. Yeyote akigonga glasi kwa kijiko, ananyamaza hapohapo, hata katikati ya neno, na anaanza upya kutoka mwanzo. Wimbo ni mmoja tu, wa beti chache. Hakuna mji wowote ambako alikuwa ameufikisha mwisho.

Kulikuwa na ufundi wake, na nilitukanwa mpaka nikaujua. Glasi iliyojaa hutoa mlio mzito, kama mtu anayegonga kupitia blanketi. Kadiri unavyokunywa, ndivyo inavyolia vizuri. Kwa hiyo alitaka zijazwe mpaka ukingoni, ili mwanzoni wawe na aibu ya kugonga na pia wasiwe na sauti, kisha wanywe, wapate joto, wapate na uwezo. "Mtu hana ukatili tumbo likiwa tupu," aliniambia. "Ukatili unataka chai kwanza."

Magazeti yaliandika kwamba onyesho linahusu nchi yake, ambako mwanamke haruhusiwi kuimba peke yake mbele ya wanaume. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Waandishi nao wana watoto wa kulisha," akasema. "Waache wale."

"Kwa hiyo si kweli?"

"Dirisha, shule uliacha darasa la ngapi?"

"La kumi."

"Inaonekana. Katika la kumi na moja wangekufundisha kunyamaza."

Lakini kuuliza ndiyo elimu niliyobaki nayo, na siku ya tatu ya mazoezi nikamuuliza kwa nini anapokohoa anaficha leso. Aliikunja leso akaiweka mfukoni. Kisha akanieleza kwa sauti kavu, kama anayesoma ratiba ya treni. Koo lilikuwa na uvimbe. Madaktari wangelipasua mara akirudi Los Angeles, na hawakumwahidi kwamba sauti ingerudi, wala hata kwamba angeweza kuita teksi. Toronto ulikuwa mji wa mwisho. Aliuchagua mwenyewe, kwa sababu baba yake alihamia hapa baada ya aibu ile ya televisheni, na tangu hapo hakuwahi kumsikia akiimba. Wimbo ule baba ndiye aliyemfundisha.

"Nataka ausikie mpaka mwisho mara moja," akasema. "Baadaye waukate ulimi pia, sijali."

"Na watu wakigonga?"

"Wakimwona mzee aliyevaa tai amekaa mbele analia, hawatagonga. Ninawajua watu. Wana huruma kwa wazee, si kwa wanawake."

Niliuliza baba alikuwa anafanya kazi gani.

"Alikuwa anapiga santuri."

"Za nani?"

"Za nani vipi?"

"Santuri za nani? Za muziki wa kwenu au hata za Kizungu?"

Ikabidi nieleze kwamba kwetu santuri ni ile sahani nyeusi inayozungushwa kwenye gramafoni, na kwamba nilikuwa nimeshamwona baba yake kichwani, amevaa miwani myeusi, anachezesha watu harusini. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akawaita mafundi wa taa waje wasikie. Kwa siku nzima kila aliyepita aliniuliza kama nimemletea santuri. Kumbe santuri yao ni sanduku pana lenye nyuzi nyingi, linalogongwa kwa vijiti viwili vyepesi. "Mbeba samawari," alisema, akifuta machozi, "wewe ndiye utakayekwenda kumwita. Ukimwuliza za nani, atakuua, nami nitakuwa nimepata kitu."

Nilijua kwa nini ananituma mimi. Aliogopa kutuma Mwirani, ambaye angesambaza habari zake mjini kote.

Mzee alikaa juu kabisa katika jengo refu upande wa kaskazini wa barabara ya Yonge, pale ambapo vibao vya maduka vimeandikwa Kiajemi na mkate unauzwa mrefu kama taulo. Mlinzi alimpigia simu, na mzee akasema nipandishwe bila kuuliza mimi ni nani. Nikamkuta mlangoni, amevaa tai na sweta ndani ya nyumba yake mwenyewe, saa za asubuhi. Akanipa ndara. Akaniweka kwenye kiti kizuri, akaleta chai, karanga, matango madogo na chumvi, machungwa, na yeye akabaki amesimama mpaka nikamsihi akae.

Nilisifu zulia lake. "Ni lako," akasema. "Lichukue." Nilikataa. "Tafadhali, halina thamani mbele yako." Nikasifu kibakuli cha shaba: kikawa changu. Kwa udadisi tu nikasifu dirisha, maana lilikuwa linaona mji wote mpaka ziwani. "Ni lako," akasema, bila hata kutabasamu. Akaonyesha mlango uliofungwa. "Na kile chumba hakina mtu. Siku yoyote ukija, ni chako. Nyumba hii ni yako." Nikamkumbuka shangazi.

Kwenye kona kulikuwa na sanduku pana limefunikwa kitambaa.

"Hiyo ndiyo santuri?" nikauliza.

"Umeijuaje?"

"Binti yako amenieleza. Yeye ndiye amenituma."

Alikuwa anamenya chungwa. Ganda lilikuwa linashuka kama utepe na halikukatika.

"Binti yangu," akasema, "ni daktari wa meno, California. Ana wagonjwa wengi mno. Hapati nafasi ya kusafiri."

"Mzee wangu, yupo hapa mjini. Ataimba Ijumaa. Anakuomba uje. Koo lake litapasuliwa, huenda asiimbe tena. Anataka uusikie wimbo wako mpaka mwisho."

"Maskini," akasema mzee. "Huyo bibi ana umri gani?"

Nikamtajia umri wa binti yake.

"Umri mbaya kwa koo." Akaligawa chungwa, akanisogezea vipande vyote kwenye sahani, hakubakiza hata kimoja. "Mwambie huyo bibi kwamba amenipa heshima nisiyoistahili."

"Kwa hiyo utakuja?"

Akaweka ncha za vidole juu ya jicho lake. "Chashm," akasema.

Neno hilo maana yake ni jicho. Unalisema ukiombwa jambo: ni kama kusema nitalifanya, nimeliweka juu ya jicho langu. Alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akanishikilia mlango, akanipa mfuko wa machungwa ya njiani.

Mwimbaji alinitaka nirudie kila kitu, na sauti zilivyokuwa. Nilipofika kwenye daktari wa meno aliufungua mdomo wake akanionyesha magego yake meusi. "Daktari mwenyewe huyu hapa! Sema aah!" Kisha nikatamka neno la mwisho kama nilivyolisikia, na uso wake ukabadilika.

"Alisema chashm? Una hakika?"

"Na akaweka vidole jichoni."

"Basi atakuja."

Aliondoka Iran mtoto wa miaka minane, na Kiajemi chake kilibaki na miaka minane. Alijua maneno yote ya nyimbo na maneno yote ya kuitwa kula. Katika Kiajemi hicho chashm lilikuwa neno lake yeye: baba akisema kaa, chashm, unakaa, imba, chashm, unaimba. Mtoto hasemi chashm halafu asifanye. Nilimwambia kwamba kwetu kuna neno "nimesikia," ambalo mtu mzima huliambia ombi ili liondoke mlangoni bila kelele, na kwamba yule mzee alikuwa amenigawia zulia, bakuli na dirisha kwa sauti ileile.

"Wewe unamfundisha nani lugha ya baba yangu?" akasema. "Mtu wa santuri! Nenda kasugue glasi."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mbele kabisa, peke yake, aliweka kiti cha mbao chenye mto, na kando yake kimeza chenye glasi na kijiko. Alitoka, akasema sentensi yake moja, akaanza.

Watu wa mji huu huomba radhi hata ukiwakanyaga wewe. Kwa muda hakuna aliyegonga. Aliimba ubeti wa kwanza, na nilisahau kazi yangu. Sauti ilikuwa imekwaruzwa, imechakaa, lakini chini ya mikwaruzo kulikuwa na kitu kilichonyooka ambacho hakikutetemeka. Kisha mwanamume mmoja mwenye miwani akasema, "Samahani," akagonga. Akanyamaza mwimbaji. Watu wakacheka kwa wasiwasi. Akaanza upya. Mwanamke akagonga, naye akasema samahani. Mara ya tatu hakuna aliyesema samahani. Walikuwa wameshakunywa nusu, na glasi zilikuwa zinalia safi. Walianza kumvizia: wanamwacha afike kwenye neno zuri, ndipo wanamkata. Wazee wawili wa Kiirani, mke na mume, ambao nadhani walimkumbuka tangu enzi za kanda, walikuwa wanalia, na wanagonga huku wanalia.

Kila aliponyamazishwa alikitazama kiti kile, akautazama mlango, kisha akanitazama mimi. Nilipaswa kwenda mbele ya watu wote, kuchukua glasi ya mgeni iliyopoa, na kuleta ya moto. Mara ya kwanza walidhani ni sehemu ya onyesho. Baadaye wakaanza kunipigia makofi. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Inywe wewe mwenyewe, maskini!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilienda, nikarudi. Chai ya kiti kitupu ilikuwa moto usiku kucha, ya wengine wote ilishapoa.

Halafu akaacha kutazama mlango. Nilipokuwa nimeinama kubadilisha glasi kwa mara nyingine, alininyooshea kidole, akakinyoosha kitini. Nikakaa. Akanisogelea mpaka vidole vyake vya miguu vikagusa viatu vyangu, akaanza tena, ananiimbia mimi usoni.

Hapo hakuna aliyegonga. Sijui ni kwa sababu ya sura yake au yangu. Alimaliza ubeti wa kwanza, wa pili, akaingia kwenye ule ambao hakuna mji uliowahi kuusikia. Nilisikia watu nyuma yangu wakishusha vijiko mezani polepole, mmoja mmoja. Ukabaki mstari mmoja tu, niliujua kwa jinsi wimbo ulivyokuwa unashuka ngazi kwenda kupumzika. Akavuta pumzi. Akasubiri. Ukumbi mzima ulikuwa wake, angeweza kuumaliza kwa kunong'ona tu.

Akainama, akachukua kijiko changu, akagonga glasi yangu yeye mwenyewe.

Taa zikazimwa. Walisimama wote kumshangilia.

Nilimkuta bafuni anasukutua koo kwa maji ya chumvi. Nikamwambia angeweza kumaliza, hakuna aliyegonga.

"Nimalize kwa nani?"

"Kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa kitini."

Akatema. "Ule mstari si wako, Dirisha," akasema. "Nilikuwa nahitaji uso. Wako ulikuwa karibu." Kisha akaniambia nisirudi kesho, glasi zitapakiwa na mtu mwenye akili. Hakuuliza tena habari za baba yake.

Alipasuliwa. Sauti haikurudi. Miaka kadhaa baadaye, kwenye kompyuta ya maktaba, nilimwona amekaa katika jumba la sanaa huko kwao Marekani, amenenepa kidogo, shali shingoni. Watu wamepanga foleni. Mmoja mmoja wanakuja mbele yake, wanaimba wimbo wowote waupendao, naye ana glasi ya chai na kijiko. Waliohojiwa walisema hakuna aliyemaliza. Walisema pia kwamba ni heshima kubwa.

Lakini asubuhi ile baada ya onyesho mimi nilikuwa nimelala kwenye stoo ya ukumbi na nilipaswa kutoka. Nilimpigia shangazi. "Mwanangu!" akasema. "Godoro nimempa mama mmoja aliyetoka Bujumbura, lakini hapa ni kwako, unajua, hapa ni kwako kabisa." Nikamshukuru. Nikashuka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, nikapanda ile inayokwenda kaskazini mpaka mwisho wa reli.

Mzee alifungua mlango amevaa tai. Alitazama begi langu, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu.

"Ulisema chumba ni changu," nikasema.

"Bila shaka," akasema. "Bila shaka. Nyumba ni yako." Akangoja. Nilijua anangoja nini. Ilikuwa zamu yangu kukataa, ili yeye asisitize, nikatae tena, aweke mkono kifuani kwa huzuni, na tuagane kwa machungwa. Mchezo huo hata kwetu upo. Mimi nimelelewa nao. Ningekuwa na adabu ningemwokoa.

"Asante," nikasema, nikavua viatu.

Mkono wake ulibaki kwenye kitasa muda mrefu. "Chashm," akasema hatimaye. Safari hii hakugusa jicho.

Chumba kilikuwa na kitanda, kabati dogo na taa ya kusomea. Godoro lilikuwa bado limevaa plastiki ya dukani, na juu ya plastiki vumbi lilikuwa limelala kwa miaka. Nilipoliminya likapiga kelele.

"Ni la daktari wa meno," akasema mzee kutoka mlangoni. "Kama siku moja atapata nafasi." Kisha akaja akanisaidia kuichana plastiki ile, upande mmoja yeye, upande mwingine mimi, bila kutazamana.

Akatengeneza chai. Akaileta katika glasi nyembamba zilizobana kiunoni, hazina mikono, akakaa mbele yangu. Mji wote ulikuwa kwenye dirisha lile alilonipa. Nilikunywa nusu. Niliona hakuna atakayemwambia kama si mimi, na pia, nikiri, nilitaka kuona uso wake.

"Jana alifika mbali," nikasema. "Alifika mpaka ubeti wa mwisho, ukabaki mstari mmoja tu, na alipo—"

Ting.

Mdomo wangu ulijifunga wenyewe. Mzee alikuwa ameshika kijiko juu ya glasi yake, mkono umelegea, kifundo kimetulia, kama mtu aliyekifanya kitendo kile kila siku kwa miaka, mezani, mbele ya mtoto mmoja. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.

"Unakimbia," akasema. "Naye alikuwa anaukimbiza wimbo palepale. Anza mwanzo."

Nikaweka glasi chini. Nikaanza mwanzo: jinsi ukumbi ulivyojaa, jinsi alivyotoka miguu mitupu, shati jeupe, na kiti chenye mto kilivyowekwa mbele. Sikuwa nimefika hata kwenye wimbo, kijiko kikalia tena.